Jinsi ya Kuchagua Mashine Mpya ya Kukausha Nguo Breka za Nyumbani Zinapokata Kila Mara

Mashine ya kukausha nguo ni miongoni mwa vifaa vya nyumbani vinavyokula umeme mwingi kwa muda mrefu mfululizo, na ndiyo maana breka inapoanza kukata kila mara, lawama huiangukia mashine hiyo kwanza. Wengi huamua kuitoa ile ya zamani na kununua nyingine, pengine kubwa zaidi, kisha wanashangaa kuona breka inakata vilevile. Nashauri fedha zisitoke mpaka maswali mawili yapate majibu: ni breka ipi inayokata, na inakata wakati gani. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha ni mashine ya aina gani inafaa, na huenda yakaonyesha kwamba mashine iliyopo haina kosa lolote.

Fungua kisanduku cha breka na utazame iliyoanguka. Breka ya kawaida huandikwa nambari kama B16 au C20 (16 na 20 ni ampea, yaani kiasi cha umeme inachokusudiwa kupitisha), na kazi yake ni kuzilinda nyaya zisiungue, ama kwa kuwa zinabeba mzigo uliozidi uwezo wake, ama kwa kuwa kumetokea shoti. Breka ya uvujaji hutambulika kwa kitufe kidogo chenye herufi T na, katika nyumba nyingi, maandishi ya 30 mA (miliampea 30). Hii hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Ikiona kwamba sehemu yake haikurudi, huchukulia kwamba imepita kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) au kwenye mwili wa mtu, na hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Zipo pia breka zinazofanya kazi zote mbili kwa pamoja, na kwa hizo huwezi kujua sababu kwa kutazama tu, hivyo itakubidi uangalie muda.

Breka ikikata papo hapo mashine inapowashwa, hasa kwa mlio mkali, hiyo huwa ni shoti: chomoa plagi na usijaribu tena. Ikikata dakika chache baada ya joto kuanza, hata pale ambapo hakuna kifaa kingine kinachofanya kazi, shuku uvujaji kwenye koili ya kupasha joto. Ikikata baada ya nusu saa hivi, siku nyingine ikakata na nyingine isikate, mara nyingi mzigo umezidi, na hapo kinachohitaji kuchunguzwa ni kila kitu kinachopata umeme kupitia breka hiyo. Na kama breka ya uvujaji inakata hata mashine ikiwa imechomolewa, basi tatizo liko kwenye kifaa kingine au kwenye nyaya za nyumba, na hakuna mashine mpya itakayoliondoa.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji chombo chochote. Mashine nyingi zina programu ya hewa baridi, ambayo huzungusha pipa na feni bila kuwasha koili. Zima vifaa vingine vyote vya mkondo huo, yaani vinavyopata umeme kupitia breka hiyo, kisha endesha mashine kwa hewa baridi kwa muda, halafu kwa joto. Ikitulia kwenye baridi na kukata kwenye joto ilhali iko peke yake, koili ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikitulia kwenye yote mawili, rudisha vifaa vingine kimoja kimoja mpaka breka iseme.

Inafaa kuielewa koili hiyo, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu watupe mashine nzima. Katika mashine nyingi koili ni waya mwembamba uliolazwa katikati ya bomba la chuma, na nafasi inayobaki hujazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi, unaopitisha joto lakini haupitishi umeme. Unga huo hufyonza unyevu. Mihuri ya ncha za bomba ikichakaa, au bomba likipata ufa usioonekana kwa macho, unyevu hupenya taratibu na umeme hupata njia ya kufika kwenye chuma na kutoka kwa waya wa ethi. Katika mashine nyingine koili iko wazi na imeshikiliwa kwa vipande vya kauri. Ikichoka hulegea, huinama, na siku moja hugusa bati la nyumba yake. Fundi umeme mwenye kipimo cha volti 500, kinachopima jinsi umeme unavyozuiwa kufika kwenye chuma, huweza kuligundua tatizo hilo haraka, na kipimo kikishuka chini ya megaohmu 1 kuna jambo la kufuatilia. Koili ni kipuri kinachobadilishwa. Ikiwa pipa, mota na beringi za mashine ni nzima, mimi ningebadilisha koili na kuiacha mashine iendelee na kazi.

Suala la mzigo linahitaji hesabu kidogo, na ndilo hasa linaloamua ununue nini. Gawa wati kwa volti upate ampea. Mashine ya kawaida ya kukausha, inayotumia koili, huchukua takriban wati 2,000 hadi 3,000. Tuseme ni wati 2,500 kwa umeme wa volti 230: hiyo ni karibu ampea 11. Sasa weka pembeni yake mashine ya kufulia inayochemsha maji kwa wati 2,000, ambayo ni karibu ampea 9. Jumla ni ampea 20 hivi zinazopita kwenye breka ya 16. Wengi hudhani breka hiyo itakata mara tu ampea 16 zinapovukwa, lakini haikuundwa hivyo. Kwa kanuni za kimataifa, breka ya aina hii haipaswi kukata ndani ya saa moja kwa mzigo wa mara 1.13 ya kiwango chake, yaani ampea 18 hivi, na ni lazima ikate ndani ya saa moja kwa mara 1.45, yaani ampea 23 hivi. Ampea 20 ziko katikati, mahali ambapo breka inaweza kuvumilia au kukata kutegemea joto la kisanduku na mzigo uliotangulia. Tena mashine ya kufulia huchemsha maji mwanzoni tu mwa kazi yake, na ikifua kwa maji baridi haichemshi kabisa. Ndiyo maana mtu husema kwamba mashine "ina siku zake", kumbe siku hizo ni zile za kufua kwa maji moto.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, orodhesha vifaa vyote vilivyo kwenye mkondo mmoja na mashine yako. Zima breka hiyo, kisha pita ukiangalia ni soketi zipi zimekufa. Soma wati za kila kifaa kwenye kibao kilichobandikwa nyuma au mlangoni, zijumlishe, na uone ni ampea ngapi zimebaki kwa ajili ya mashine ya kukausha. Idadi hiyo ndiyo mipaka yako ya manunuzi.

Hapa pana mtego mmoja. Lebo ya matumizi ya nishati iliyobandikwa mbele ya mashine huonyesha kilowati-saa, yaani umeme utakaoulipia. Breka haijui kilowati-saa. Inachohisi ni ampea zinazopita kwa wakati huo. Muulize muuzaji akuonyeshe kibao chenye wati za juu kabisa, au akufungulie kitabu cha maelekezo kwenye ukurasa wa vipimo vya umeme. Ukubwa wa pipa nao haukuambii lolote kuhusu mzigo, kwa kuwa mashine ya kilo 9 inaweza kuchukua ampea chache kuliko ya kilo 6 ikiwa teknolojia zao ni tofauti.

Teknolojia ninayoipendekeza kwa nyumba ambayo breka zake hukata kwa sababu ya mzigo ni mashine yenye pampu ya joto. Ndani yake mna kompresa kama ya friji. Joto linalochukuliwa kwenye hewa yenye unyevu hurudishwa kukausha nguo badala ya kutupwa nje, na kwa hiyo mashine haihitaji koili kubwa ya kuzalisha joto jipya kila dakika. Nyingi huchukua wati 600 hadi 1,000. Rudia hesabu yetu kwa wati 800: ampea tatu na nusu hivi, zikijumlishwa na zile karibu 9 za mashine ya kufulia unapata zaidi kidogo ya 12, na breka ya 16 inatulia bila waya hata mmoja kubadilishwa. Hakikisha tu kwamba mfano unaoutaka hauna koili ya ziada ya kuharakisha joto, kwa maana ipo michache yenye kitu hicho, na kibao cha wati kitakuonyesha.

Mashine hizi zina masharti yake, na ni haki uyajue kabla ya kulipa. Bei yake ya kununulia kwa kawaida ni ya juu zaidi. Hukausha kwa joto la chini, hivyo mzunguko mmoja huchukua muda mrefu kuliko ule wa koili, jambo ambalo familia yenye nguo nyingi kila siku italihisi. Maji yanayotoka kwenye nguo hukusanyika kwenye chombo cha kumwaga kwa mkono, au hupelekwa kwa mpira hadi kwenye bomba la maji machafu. Hazifanyi kazi vizuri kwenye chumba chenye baridi kali. Chujio la nyuzi lisafishwe kila baada ya matumizi, na sehemu inayogeuza mvuke kuwa maji isisahaulike, kwa sababu nyuzi zikijaa hapo hewa haipiti na nguo hubaki mbichi. Baada ya kusafirishwa, iache isimame wima kwa saa ambazo kitabu kimeagiza, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Aina nyingine zinahitaji maneno machache tu. Mashine ya bomba la kutoa hewa nje na ile ya koili inayogeuza mvuke kuwa maji ndani ni sawa kwa upande wa breka, kwani zote zina mzigo mkubwa; zichague pale tu ambapo mashine itapewa mkondo wake peke yake. Mashine moja inayofua na kukausha inaweza kufaa penye soketi moja, maana haifui na kukausha kwa wakati mmoja, ila uwezo wake wa kukausha ni mdogo kuliko wa kufua, hivyo itakubidi kugawa nguo. Mashine ya gesi hutumia umeme wa mota tu, lakini ni lazima hewa yake itolewe nje ya nyumba na mashine ifungwe na fundi wa gesi, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni.

Marekani na Kanada hali ni tofauti kidogo, kwani mashine kamili za umeme hufungiwa mkondo wake wa volti 240 wenye breka pacha ya ampea 30. Breka hiyo ikikata, mzigo wa vifaa vingine hauhusiki. Angalia koili, plagi, soketi na viungo vya nyaya.

Ikiwa inayokata ni breka ya uvujaji, usitegemee pampu ya joto ikuokoe. Kila kifaa chenye sakiti za kielektroniki huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kwenda kwenye ethi kwa namna kilivyoundwa, na breka ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia zaidi ya 15. Nyumba nzima ikitegemea breka moja ya namna hiyo, uvujaji mdogo wa kompyuta, friji, mashine ya kufulia na ya kukausha hujumlika hadi breka ikose subira. Dawa yake ni kugawa mikondo ili kila mmoja uwe na breka yake ya uvujaji. Soma pia kitabu cha mashine unayoitaka uone kinataka breka ya uvujaji ya aina gani, kwani mota za kisasa zinazobadilisha kasi huhitaji aina A au F, ilhali nyumba nyingi za zamani zina aina AC, inayotambulika kwa alama ya wimbi moja tu.

Yapo mambo ambayo nakuomba usiyafanye hata ukishauriwa na mtu unayemwamini. Usibadilishe breka ya 16 kwa ya 32 bila kubadilisha nyaya. Waya wa milimita za mraba 1.5 unaweza kuungua ukutani kabla breka kubwa haijahisi lolote. Usikate waya wa ethi ili breka ya uvujaji inyamaze, kwa sababu umeme uliokuwa ukitoka kwa waya huo utabaki kwenye bati la mashine ukimsubiri mtu wa kuligusa. Wala usiiunganishe mashine kwa ekstensheni.

Kama bajeti hairuhusu ununuzi kwa sasa, kamua nguo kwa kasi zaidi. Nguo zilizokamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na maji yanayokaribia asilimia 70 ya uzito wake zikiwa kavu, na kwa mizunguko 1,400 hubaki na asilimia 50 hivi, kwa hiyo mashine ya kukausha hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Kisha ianzishe baada ya mashine ya kufulia kumaliza, si kabla.

Mashine mpya ikishafungwa, bonyeza kitufe cha T uone kama breka ya uvujaji inakata inavyotakiwa, uirudishe, halafu endesha mzunguko kamili huku mashine ya kufulia ikichemsha maji. Baada ya nusu saa gusa plagi na bamba la soketi. Uvuguvugu ni wa kawaida. Joto linalokulazimisha kuondoa mkono, au rangi ya kahawia kuzunguka pini, huonyesha kwamba kuna kiungo kilicholegea: zima breka, chomoa plagi, na usiitumie soketi hiyo mpaka fundi umeme aibadilishe.