Kujifunza kufinyanga kwa gurudumu darasa la jioni: wiki za mwanzo sahau kikombe

Kama umejiandikisha darasa la jioni la ufinyanzi na kichwani unajiona wiki ya kwanza tu unarudi home na kikombe chako, pole, hiyo picha ifute mapema. Mimi nilianzia hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, mji ambao umekula na kulala kwenye udongo tangu enzi za akina Josiah Wedgwood, yule aliyeanza kiwanda chake cha vyombo vya udongo 1759, na isitoshe mimi ni mtu wa Kyela, nimekua naona akina mama wa Kikisi wanashusha vyungu kwenye mitumbwi pale Matema, Ziwa Nyasa, kwa hiyo nikajiambia hii kitu iko kwenye damu. Wapi! Wale mama wanatumia mikono yao tu, hakuna cha mashine ya umeme. Hata Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa, anajulikana kwa vyombo vya kujenga kwa mkono. Gurudumu, ile sahani inayozunguka unayofinyangia juu yake, ni mnyama mwingine.

Kabla hujatoka nyumbani kata kucha, zote, hata ile ndefu ya kidole kidogo unayoitunza. Vua pete na saa. Vaa nguo ambayo hutaililia, beba taulo kuukuu, aproni mara nyingi wanayo wenyewe.

Ukifika unapewa donge la udongo. Usiwe na tamaa, nusu kilo inatosha kabisa kuanzia, donge kubwa linakupiga mweleka. Unalikanda kwanza kama unavyokanda unga wa chapati ila unasukuma kwa uzito wa mwili na hulikunji kunji ovyo, maana lengo ni kutoa hewa na kufanya udongo wote uwe na ulaini mmoja. Ukiacha kibonge kigumu ndani utakigundua baadaye ukuta wa chombo ukiwa umeshapanda, kinakuja kinakugonga kidole kila mzunguko, tap tap tap, halafu chombo kinaanza kucheza ngoma.

Sasa tufike kwenye shughuli yenyewe, kuutuliza udongo katikati. Hapa ndo watu wanaachia darasa. Unalibamiza donge katikati ya sahani ya gurudumu (sahani iwe kavu, ikiwa na maji donge linateleza na kuruka, la kwangu lilitua kwenye kiatu cha jirani), unalowesha mikono, unakanyaga pedeli gurudumu liende kasi. Kiganja cha kushoto kinasukuma kutoka ubavuni, mkono wa kulia unakandamiza kutoka juu, na kiwiko cha kushoto kimechimbiwa kwenye paja au nyonga. Hicho kiwiko ndo siri. Jioni tatu nzima nilikuwa napigana na udongo kwa nguvu za mikono, mabega yanauma, udongo unanitikisa kama niko kwenye daladala ya barabara ya vumbi, mpaka mwalimu akaja akanishika kiwiko akakigandamiza kwenye paja langu akaniambia usiufuate udongo, wewe kaa, udongo ndo ukufuate. (Huku wanaitana majina tu, mimi nilishindwa kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina, nikawa namwita Mwalimu hivyo hivyo kwa Kiswahili, akazoea.) Nikakaa. Ghafla kukawa kimya, yaani mikono inahisi kama gurudumu limesimama kumbe linazunguka kasi ile ile. Hapo umefika. Ukishapata ile hali hutaisahau, japo wiki inayofuata itakukimbia tena.

Na unapotoa mikono, toa polepole. Siku zote. Ukiachia ghafla unaharibu kila kitu ulichokifanya.

Kingine, mwalimu wa Kizungu akikwambia weka mikono saa tatu anamaanisha pale penye namba 3 kwenye saa ya ukutani, upande wa kulia, kwa sababu magurudumu ya huku kwa kawaida yanazunguka kinyume cha mshale wa saa. Sisi pale tunapaita saa tisa. Mimi niliweka mikono kushoto, penye saa tatu yetu, darasa zima wananiangalia.

Kutoboa katikati ni rahisi, unashusha kidole gumba polepole ukiacha kitako cha kama sentimita 1, ukitaka kuhakikisha choma na sindano uone. Halafu kandamiza kitako kwa vidole mara kadhaa, ukiruka hiyo hatua kitapasuka kikikauka. Kupandisha ukuta unapunguza mwendo, vidole vya mkono mmoja ndani, vya mwingine nje, vinabana kidogo na kupanda pamoja kwa spidi moja kutoka chini kabisa mpaka mdomoni. Maji kidogo! Maji mengi yanafanya udongo unywee na kukaa chini kama ugali uliokosa unga.

Ushauri wangu mkubwa, vyombo vya jioni za mwanzo vikate katikati kwa waya, juu mpaka chini, uangalie ukuta. Inauma ila utaona pale ulipoacha tumbo nene chini na mdomo mwembamba kama karatasi, hakuna maelezo yatakayokufundisha hivyo.

Chombo utakachookoa kinakauka mpaka kiwe na ugumu wa sabuni ya mche, wiki inayofuata unakigeuza na kuchonga kitako. Kinakauka kabisa, kinachomwa mara ya kwanza kwenye nyuzi joto kama 1000, kinapakwa gilezi, ile ya kukifanya king'ae, kinachomwa tena. Gilezi usipake chini kwenye kitako, itayeyuka igandane na rafu ya tanuri na utachukiwa.

Usafi: usifagie udongo mkavu, futa kwa sponji mbichi. Vumbi lake lina silika, na mji huu wazee wengi wa viwandani waliondoka na mapafu yaliyoharibika kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo ukiambiwa futa tena usinune.

Na tengeneza kikubwa kuliko unavyotaka, maana kikishachomwa kinaweza kupungua kama sehemu moja ya kumi. Kikombe changu cha kwanza nilikipigia hesabu ya chai ya maziwa, kilivyotoka tanurini kikawa kinatosha kahawa ya mtoto. Sa hivi naweka chumvi.