Umeajiri mtu mwenye usonji? Punguza mafumbo kwanza

Kuna dada mmoja mwenye usonji nilikuwa namsimamia, kazi yake kuhakiki data, siku moja nikamwambia "hii ukipata nafasi niangalizie" nikaenda zangu, siku ya tatu namuuliza imefikia wapi ananijibu sijapata nafasi. Na kweli hakuwa nayo, mezani alikuwa na kazi nyingine nne ambazo nilimpa mimi mwenyewe na zote zina tarehe. Nikaona huyu ananijibu jeuri, nikawa nawaza hadi barua ya onyo, kumbe mimi ndo nilisema kitu kimoja nikimaanisha kingine na yeye akafuata nilichosema.

Naanza na hilo manake ukitaka kitu kimoja tu cha kubadilisha hapo kazini ni namna unavyoongea. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga mwerevu huligangua, sasa hapa wahenga tuwaweke pembeni kidogo, mtu anaweza kukuzidi akili mara tatu na fumbo lako likampita kabisa kwa sababu wengi wenye usonji wanayachukua maneno kama yalivyo. Na sisi tunaoongea Kiswahili tunajijua, "nakuja sasa hivi", "tutaangalia", "si unajua mwenyewe", nusu ya maongezi yetu iko nje ya maneno.

Kidogo tu kuhusu usonji wenyewe (Kiingereza wanauita autism) halafu tuendelee. Mtu anazaliwa nao, ubongo umekua kwa namna yake, hauambukizi na hautokani na malezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao, kwa hiyo kama mko watu mia mbili hapo kazini inawezekana kabisa mnaye tayari, sema tu hajasema au hata mwenyewe hajui. Na wanatofautiana sana, kuna anayeongea bila kupumua akiguswa mada yake na kuna asiyetumia mdomo kabisa anaandika kwenye simu. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa mwulize mhusika kwanza kama yanamfaa.

Tuanze na tangazo la kazi. Hebu chukua tangazo lenu la mwisho ulisome, utakuta "awe mchangamfu, mwenye uwezo mkubwa wa mawasiliano, anayeweza kufanya kazi kwenye presha" na kazi yenyewe ni kupanga stoo. Mtu mwenye usonji akisoma hapo anaona mchangamfu sio mimi, anafunga, hatumi maombi, wakati yule asiye na sifa hata moja anatuma tu. Andika kazi inahusu nini, toa mapambo.

Intavyuu ndo penye shida kubwa na hapa nitakaa kidogo. Intavyuu ya kawaida inapima kitu kimoja, jinsi mtu anavyoweza kuongea na wageni watatu waliokunja sura huku akiwaangalia machoni. Kama kazi yenyewe sio hiyo umepima nini sasa? Mtu haangalii machoni mnaandika hajiamini, anakaa sekunde kumi kabla hajajibu mnaandika mzito, mmemuuliza "tuambie kuhusu wewe" akaanza na mwaka aliozaliwa mnachekana. Swali la wapi unajiona baada ya miaka mitano ndo usiulize kabisa, hata sisi wengine tunadanganyaga tu pale.

Fanya hivi. Maswali mtumie siku mbili tatu kabla, sio kuvujisha mtihani, unataka kujua anachokijua sio kumshtukiza. Mwambie watakuwepo watu wangapi, chumba gani, itachukua dakika ngapi. Uliza swali moja moja, na uliza alichowahi kufanya ("ulipokuta kosa kwenye hesabu ulifanyaje?") kuliko "ungefanyaje kama". Akinyamaza mwache anyamaze, usirukie na swali lingine. Na bora zaidi ya yote mpe kazi yenyewe aifanye nusu siku au siku mbili umlipe, uone. Hii sijaitunga mimi, Thorkil Sonne wa Denmark ambaye mwanae ana usonji alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004 ili kuwapa kazi watu wenye usonji, na watu pale walikuwa wanapewa roboti za Lego wajenge na kuziprogramu ndo wanaangaliwa uwezo wao, baadaye makampuni makubwa yakafuata, SAP, kampuni ya programu za kompyuta ya Ujerumani, wakaanza mpango wao wa kuajiri wenye usonji 2013 na Microsoft 2015.

Ila hapo hapo niweke angalizo, habari za hayo makampuni zimefanya watu waamini kila mwenye usonji ni fundi wa kompyuta. Hapana. Kuna wapishi, wachoraji, walimu, mafundi magari, na kuna ambao hesabu hawazitaki hata kuziona. Ukimwajiri mtu ukisubiri maajabu siku akifanya kazi ya kawaida utamwona kama kakudanganya.

Amepata kazi. Kabla hajaanza mtumie picha za mlango anaoingilia, meza yake na mtu atakayempokea, ratiba ya siku ya kwanza saa kwa saa. Mpe mtu mmoja, sio wote, wa kumuuliza maswali yale ambayo hayapo kwenye mkataba, kama kikombe kile ni cha nani, ukitaka kutoka saa kumi unamuaga nani, bosi akisema karibuni tule ni lazima au hiari. Wengine tunayajua tu bila kuambiwa, yeye mwambie.

Kwenye kugawa kazi turudi kwa yule dada. Siku hizi ningemwandikia meseji hivi: "Naomba uhakiki hili faili, mistari 40, nalihitaji Alhamisi saa nane mchana. Namba zisipolingana ziweke rangi ya njano, usisahihishe. Hii iende kabla ya ile ripoti." Basi, haina ukali wowote. Ina nini kifanyike, lini, ikiisha inaonekanaje na ipi inatangulia, hiyo ya mwisho watu wanaisahau sana, unampa mtu kazi tano zote "ya haraka" halafu unashangaa kaganda. Cha kuchekesha ni kwamba nilipoanza kuandika hivyo hata wale wengine wasio na usonji wakaacha kunijazia maswali.

Akikosea mwambie amekosea wapi. Usizunguke, usimsifie kwanza dakika tano ndo uchomekee kosa katikati, atabaki na sifa. Na usimwambie mbele za watu.

Mazingira sasa. Taa ile ya mrija inayopepesa ambayo wewe huioni yeye inaweza kumtesa siku nzima, kelele za simu, pafyumu, watu kupita nyuma ya kiti. Mkalishe ukutani mbali na mlango, mruhusu hedifoni, badilisha balbu, mengi ya haya gharama yake ni ndogo au hakuna kabisa. Mabadiliko yatangaze mapema, kuhamisha meza ya mtu wikendi bila kumwambia ni kumwonea tu. Na siku akizidiwa, ameziba masikio au ameganda hajibu, usimshike na usimzungukie kumuuliza una nini una nini, punguza kelele, ondoa watu, muachie kona tulivu hadi atulie, wala asije akaandikiwa utovu wa nidhamu kwa hilo.

Wenzake je? Kwanza hali yake ni siri yake, hata wewe bosi huna ruhusa ya kuitangaza kwenye kikao "tumsaidie mwenzetu" bila yeye kukubali, na mjadiliane maneno gani yasemwe. Kitakachotokea mapema ni "huyu anaringa, hasalimii". Akiruhusu waeleze kwamba kusalimia kila mtu kila asubuhi kunamchosha au anakuwa kazama kwenye kazi, sio dharau. Asiporuhusu nyamaza ila maneno ya chini chini uyakate. Angalia pia yule anayejilazimisha kuwa kama wengine, anacheka wanapocheka, anaangalia machoni kwa nguvu, kila mtu anasema mbona yuko sawa, akifika nyumbani kaisha na baada ya miezi anaacha kazi mnashangaa.

Mshahara sawa na wengine, hilo sina cha kuongeza. Kupanda cheo muulize, usidhani anataka kusimamia watu na usidhani hataki, kama hataki tafuta njia ya kumpandisha kwa utaalamu wake.

Halafu yote mliyokubaliana, kiti, hedifoni, maagizo kwa maandishi, saa ya kuanza, wekeni kwenye karatasi moja, saini mbili, nakala iende kwa watu wa rasilimali watu. Manake wewe utahama, atakuja bosi mwingine wiki ya kwanza tu atasema hapa ofisini sitaki kuona mtu na hedifoni.