Tandala wa kutundikwa ukutani: kazi inaanzia porini

Mimi ni mchunaji, kwetu Idodi, na kijana akija kambini kujifunza kazi namwambia hivi kwanza: tandala wa kutundikwa ukutani, yaani kichwa na mabega yanayojazwa kuwa pambo, hachinjwi. Kisu kikipita kooni, mshono utaonekana mbele kabisa. Wakiwepo wanaotaka nyama ya kuchinjwa, mkubaliane kabla hamjatoka. Leseni nayo itangulie risasi; bila hiyo umekutwa na nyara za Serikali, na hapo chumvi haisaidii.

Msimburute, manyoya yatakwanguka. Mbebeni, mlazeni kivulini. Pima kutoka ncha ya pua hadi kona ya jicho, na mzunguko wa shingo nyuma ya masikio. Fundi wa kumjaza atavitaka vipimo hivyo.

Zungusha kisu mwilini nyuma kabisa ya mabega. Ngozi ikizidi fundi ataipunguza, ikipungua hana pa kuitoa. Toka hapo pasua juu ya shingo hadi kisogoni, kisha gawa njia mbili, kila moja hadi kwenye shina la pembe. Miguu ya mbele ikate magotini.

Usoni ndiko kwenye kazi, na simpi mtu mwenye haraka. Ingiza kidole cha kushoto chini ya kope, isukume nje, na kisu kitembee kikigusa mfupa. Midomo ikate karibu na fizi ili ibaki na ngozi yake ya ndani. Sikio litenganishe na gegedu polepole hadi nchani, uligeuze kama soksi. Mwisho pasua midomo na pua kwa upande wa ndani, na kwangua kila kipande cha nyama na mafuta. Chumvi isipofika kwenye ngozi, bakteria hufika, na manyoya hunyonyoka. Joto la Oktoba halisubiri kesho.

Chumvi iwe ya unga. Ya mawe haipenyi vizuri. Sugua hadi ndani ya masikio na kope, kunja ngozi, upande wa nyama ukutane na wa nyama, ilaze kwenye mbao zilizoinama maji yachuruzike. Kesho yake kung'uta, paka nyingine mpya, kisha ianike kivulini. Juani ngozi inaiva na kukakamaa.

Fuvu lichemshe, ila maji yasifike kwenye pembe. Ganda la pembe likilegea, lizungushe litoke, usafishe kiini cha mfupa kilichomo. Ukikiacha hivyo kitanuka na kuita wadudu.