SOMO: Kubandika dhahabu kwenye kikombe cha Kijapani cha sake, pombe yao ya mchele (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, kila nikiweka picha ya kikombe maswali ni yale yale: gundi gani, ni dhahabu kweli, inanyweka? Naandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Naeleza inavyofanyika huku Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, ambako hupondwa karibu dhahabu yote ya kubandika ya Japani, kama asilimia 99. Kipande kimoja ni mraba wa milimita 109, na unene wake ni takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ile inayotumika sana ina dhahabu asilimia 94.43, fedha asilimia 4.9, na shaba kidogo. Kuna ya bei rahisi ya shaba na zinki. Hiyo, ukitaka, ibandike kwenye fremu ya picha, si kwenye chombo cha kunywea.

Dhahabu ya kweli haidhuru ukiimeza. Cha kuangalia ni kilicho chini yake, yaani kinachoishikilia. Hapo ndipo kikombe kinakuwa salama au hatari.

VIFAA: kikombe kidogo cha mbao kilichokwisha pakwa urushi, ule utomvu wa mti wanaopakia vyombo huku, urushi ya kubandikia, vibanio vya mianzi, pamba, karatasi laini isiyotoa nyuzi, msasa laini namba 1000 au zaidi, glavu.

Hatua ya 1. Osha kikombe, kausha, futa kwa spiriti.

Hatua ya 2. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi pale dhahabu itakapoishia.

Hatua ya 3. Sugua kwa msasa na maji, ndani ya mpaka huo tu, mpaka mng'ao upotee. Kausha tena.

Hatua ya 4. Hapa ndipo vikombe vinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu. Paka urushi nyembamba kwa brashi, kisha IFUTE. Futa kwa karatasi, geuza upande safi, futa tena, mpaka ukikiinamisha kikombe kwenye mwanga uone unyevunyevu kidogo tu, bila mchirizi hata mmoja wa brashi. Watu wanaogopa kufuta wakidhani dhahabu haitashika. Itashika. Urushi ikibaki nyingi hupenya kwenye vinyufa vya dhahabu na kupanda juu, na badala ya kung'aa unapata rangi ya kahawia iliyofubaa. Tena urushi nene hukauka juu huku chini bado mbichi, halafu inajikunja na dhahabu inajikunja nayo. Ikifika hapo hakuna kiraka: unasugua yote na kuanza upya. Na ukishafuta usiende kupika chai. Bandika papo hapo.

ONYO: urushi mbichi inawasha vibaya. Vaa glavu na mikono mirefu. Ikikugusa, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo unawe kwa sabuni. Usijidanganye kwamba umepona kwa sababu leo huoni kitu. Upele huweza kutoka kesho au keshokutwa. Mti wake ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na wabanguaji wa korosho wa Mtwara wanajua ganda linavyounguza vidole. Kama utomvu wa embe hukutoa vipele mdomoni, kazi hii iache.

Hatua ya 5. Zima feni, funga madirisha. Inua dhahabu kwa vibanio vya mianzi, si vya chuma, wala usiiguse kwa kidole, maana itaganda kidoleni na haitatoka nzima. Ilaze kuanzia upande mmoja, kisha igandamize kwa pamba, bila kusugua.

Hatua ya 6. Weka kikombe ndani ya boksi lenye kitambaa kilicholowa, nyuzi joto 20 hadi 25, unyevu asilimia 70 hadi 80. Urushi haianikwi juani. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoigandisha, na hicho hufanya kazi kwenye unyevu. Siku mbili, usifungue fungue.

Hatua ya 7. Ondoa mabaki kwa brashi laini. Usiyatupe.

Hatua ya 8. Kiache wiki kadhaa kabla ya kunywea, mpaka harufu iishe kabisa.

MASWALI

Kibopa_Mbeya: Mkuu nimepitia juu juu. Ile gundi ya kubandikia viatu inafaa?

JIBU: Hapana. Rudi kwenye vifaa.

NyotaNairobi: Asante sana mwalimu. Huku kwetu Januari hewa ni kavu sana. Boksi litatosha, au nitafute mashine ya mvuke?

JIBU: Boksi linatosha, mashine ya nini. Tumia la mbao, lowesha kuta zake za ndani kwa maji kabla, maana mbao hushika unyevu na kuutoa polepole. Tundika kipimo cha unyevu ndani. Ubaridi wa usiku ukizidi, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri pembeni. Wa Mombasa na Dar wana shida ya kinyume: joto na unyevu vikizidi, urushi hukauka haraka mno, inajikunja na rangi inakuwa nyeusi. Wao wafanye alfajiri, na kitambaa wasikiloweshe.

Jembe1: Inaingia maikrowevu?

JIBU: Hapana. Dhahabu ni metali, itatoa cheche na kuungua.

BintiMakame: Assalaam alaykum. Mimi sinywi pombe, nataka cha kahawa. Na vipi kuhusu katazo la kunywea chombo cha dhahabu?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Kwa kahawa kinafaa, ila usimimine iliyotoka kuchemka sasa hivi. Iache ipoe kidogo. Kuhusu katazo, najua lipo kwa vyombo vya dhahabu na fedha, na kwamba wanazuoni wametofautiana juu ya kilichopakwa tu. Hilo muulize shehe wako, mimi ni fundi. Ukitaka kulikwepa kabisa, kikombe cha urushi nyekundu tupu kinapendeza mno, na si cha daraja la chini huku.

Mzee_wa_Site: Nimefuata somo lako, nikaanika juani, imebanduka yote. Usipotoshe watu.

JIBU: Hukulifuata. Hatua ya 6, sentensi ya pili. Nimeiandika waziwazi.

FundiNewala: Shikamoo mwalimu. Umetaja korosho. Je, mafuta ya ganda hayawezi kuwa mbadala wa urushi? Huku maganda tunachoma.

JIBU: Marahaba. Swali zuri kuliko yote humu. Japani wapo wanaotengeneza rangi kwa mafuta ya ganda la korosho, na imeenea kwenye samani, madhabahu za nyumbani na fimbo za kuvulia samaki. Ikikauka inafanana sana na urushi, na haihitaji boksi la unyevu. Lakini imeshapitia kiwandani. Mafuta ghafi ya ganda yatakuunguza, usiyapake. Na hata hiyo ya kiwandani usiiweke panapogusa mdomo au kinywaji. Kwenye sanduku au fremu, jaribu, kisha utuletee picha.

Chausiku_K: Nimeona kikombe cha kauri ambacho dhahabu ipo chini ya gilasi, ule utando wa kioo unaofunika kauri, kidole hakiigusi kabisa. Ni hii hii?

JIBU: Hiyo ni yuri kinsai, ya vyombo vya Kutani, kauri za mkoa huu huu wa Ishikawa. Dhahabu inakatwa umbo, inabandikwa kwenye kauri iliyokwisha chomwa, inachomwa tena, halafu inafunikwa kwa gilasi na kurudishwa tanuruni. Fundi Yoshita Minori alitangazwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ambayo Japani huwapa mafundi bingwa, mwaka 2001 kwa ufundi huo. Tazama majani na maua yake: dhahabu nene na nyembamba zimepangwa pamoja, ndiyo maana picha ina kina. Bila tanuru huiwezi.

Chausiku_K: Nashukuru. Na yale mabaki ya hatua ya 7 ni ya nini?

JIBU: Weka kwenye kichupa kikavu. Ukipata ya kutosha, tafuta kipande cha mwanzi, funga chachi upande mmoja, tia mabaki ndani, kisha yasukume taratibu kwa brashi ngumu yapite kwenye matundu juu ya urushi uliyokwisha kuifuta. Yanadondoka chembe chembe. Chachi ya matundu makubwa kwanza, ndogo baadaye.