Jinsi wanafunzi wa uuguzi wanavyoweza kufanyiana mazoezi ya kumhudumia mgonjwa

Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini kwa mara ya kwanza, iwe ni katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, au katika zahanati ndogo huko Nyando, hugundua upesi kwamba sanamu aliyoizoea katika maabara ya ujuzi haikumwandaa kwa jambo moja kubwa: mwili wa mtu hujibu. Sanamu haisikii baridi, haina haya, haishtuki shuka linapovutwa, wala haiwezi kukuambia kwamba umeushika mguu wake kwa nguvu kupita kiasi. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wafanyiane mazoezi wao kwa wao, na waichukulie zamu ya kulala kitandani kuwa somo lenye uzito uleule wa zamu ya kushika beseni.

Mimi nilijifunza hilo nikiwa mwaka wa kwanza. Tulikuwa tukifanya zoezi la kumwogesha mgonjwa kitandani, nami ndiye niliyekuwa mgonjwa, nimevaa kaptura na fulana nyepesi. Mwenzangu alianza vizuri usoni na mikononi, lakini alipofika miguuni maji yalikuwa yamepoa na hakuyabadilisha. Kisha akakumbuka kwamba amesahau taulo, akaenda kulichukua na kuniacha mgongo wazi huku mlango ukifunguliwa na kufungwa. Muda wote huo alizungumza na mwenzake wa upande wa pili wa kitanda kuhusu zamu ya kupika jioni, maneno yao yakipita juu ya kifua changu kana kwamba sipo. Hakuna aliyeniumiza. Hata hivyo nililala pale nikijiona kama meza inayofutwa, na tangu siku ile sijapata kumfunua mgonjwa kabla taulo halijawa karibu na mkono wangu.

Pangeni kikundi cha watu watatu, si wawili. Mmoja awe muuguzi, mmoja mgonjwa, na wa tatu awe mtazamaji mwenye orodha ya hatua ileile ambayo mwalimu hutumia kuwatahini. Mtazamaji asiseme lolote hadi zoezi liishe, isipokuwa akiona hatari, kwa sababu mwanafunzi anayekatizwa kila mara hajifunzi kujisahihisha. Kila hatua iwe imekwisha kuonyeshwa na mwalimu kabla hamjaanza kuirudia wenyewe, maana kosa lililorudiwa mara ishirini huwa tabia, na tabia ni ngumu kuing'oa siku ya mtihani wa vituo, ule ambao mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo akionyesha ujuzi wake.

Kabla ya kumgusa mwenzako, omba ridhaa yake kwa sauti, na uiombe upya kila siku, hata kama ni rafiki uliyelala naye chumba kimoja tangu mwanzo wa muhula. Anayesema hataki leo hatakiwi kutoa sababu, wala mwalimu asimwadhibu. Ulizeni pia kuhusu ujauzito, maumivu ya mgongo, vidonda, na mzio wa mpira wa glavu. Mwanafunzi anayevaa hijabu hana haja ya kuivua ili apimwe presha, na mazoezi ya kuogesha ni vyema wanawake wayafanye kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, nyuma ya pazia lililofungwa kabisa.

Yapo mambo ambayo hayafanywi kwa mwenzako hata akikubali. Sindano, kutoa damu, kuingiza mpira wa mkojo au mpira wa kulishia puani, na uchunguzi wa sehemu za siri hubaki kwenye sanamu, na sindano za kwanza kabisa kwenye chungwa au sifongo. Kukandamiza kifua ili kuurudisha moyo, ambako kwa mtu mzima hufanywa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kunaweza kumvunja mtu mbavu. Kwa hiyo kusifanywe kamwe kwa mtu ambaye moyo wake unapiga.

Anzeni na mikono. Shirika la Afya Duniani hupendekeza sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa sabuni na maji, na sekunde 20 hadi 30 mtu akitumia kitakasa mikono chenye alkoholi. Njia nzuri ya kujipima ni kufumba macho, kujipaka mikononi rangi ya maji wanayochorea watoto wa shule kana kwamba ni sabuni, kisha kufumbua na kutazama mahali ambapo rangi haikufika. Mara nyingi utakuta ni kidole gumba, ncha za vidole na nafasi zilizo kati ya vidole.

Kipimo cha presha ndicho ambacho wanafunzi hudhani wamekijua mapema kuliko walivyokijua, na hapa inafaa kutumia jioni nzima. Mwenzenu aliyetoka kupanda ngazi au aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi aketi atulie dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishanishwa, na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Awe hajanywa kahawa wala chai ya rangi kwa nusu saa. Chagua mkanda unaolingana na mkono wake, kwa kuwa mkanda mwembamba juu ya mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Ufunge juu ya ngozi, si juu ya mkono wa sweta, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Kisha shika mpigo kwenye kifundo cha mkono na ujaze mkanda hewa hadi mpigo upotee. Kumbuka namba inayoonyeshwa na kipimo wakati huo, toa hewa yote, subiri kidogo, weka stethoskopu juu ya mshipa wa ndani ya kikunjo cha kiwiko, na ujaze tena hadi milimita 30 za zebaki, ambacho ndicho kizio cha presha, juu ya namba uliyoikumbuka. Shusha polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza unayoisikia ndiyo namba ya juu, na pale sauti zinapotoweka ndipo namba ya chini. Sauti hizo zilielezwa mwaka 1905 na daktari mpasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, na hadi leo sikio la muuguzi lililozoea kuzisikiliza lina kazi kubwa katika kituo ambacho mashine ya betri imeharibika.

Andika matokeo yako kwenye kipande cha karatasi bila kumwonyesha mtu, mwenzako wa tatu apime mkono uleule baada ya dakika moja au mbili, kisha mlinganishe. Baadaye rudieni mgonjwa akiwa amepishanisha miguu, mkono ukining'inia, au akiwa anazungumza. Mtaona namba zikisogea, na hakuna maelezo ya darasani yatakayowafundisha hivyo. Pumzi nazo zihesabiwe dakika nzima mgonjwa asipojua, vidole vyako vikiwa bado kwenye kifundo cha mkono wake kana kwamba unaendelea kuhesabu mpigo, kwa kuwa mtu akijua anahesabiwa pumzi huanza kupumua tofauti. Kwapa lipanguswe jasho kabla ya kuweka kipimajoto, jambo ambalo katika joto la Kisumu la saa nane mchana si dogo.

Itatokea siku ambayo mwenzenu atapatikana na presha ya juu. Katika darasa letu namba za mmoja wetu, 150 kwa 96, zilisomwa kwa sauti hadi madirishani, watu wakacheka, naye hakushiriki mazoezi tena muhula ule. Tulikosea sana. Namba za mwili wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Mwambie mwenyewe kwa sauti ya chini, rudia kipimo baada ya mapumziko, na umshauri aende kliniki akapimwe siku nyingine. Usimtibu, na usimwambie kwamba ana ugonjwa.

Sasa turudi kwenye beseni. Weka kila kitu karibu kabla ya kuanza: mataulo mawili, vitambaa, sabuni, shuka safi, na leso nzito ya kumfunika mgonjwa wakati shuka la juu linapoondolewa. Pima joto la maji kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kisha mwache mgonjwa aguse na aseme kama yanamfaa. Anza na macho bila sabuni, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na sehemu yake ya kitambaa. Uliza kama anatumia sabuni usoni; wengi hawatumii. Funua mkono mmoja tu, uoshe, uukaushe, uufunike, ndipo uende kwa mwingine. Viganja viingizwe vyote ndani ya beseni badala ya kufutwa juu juu. Nimeona wazee waliolala wiki mbili wakifumba macho kwa raha vidole vyao vinapozama majini. Badilisha maji yanapopoa au kuchafuka, na kwa vyovyote kabla ya mgongo. Sehemu za siri, ambazo kwa mgonjwa huoshwa mwisho kwa maji mapya na glavu, kati yenu zitajwe kwa maneno tu na zifanyiwe mazoezi kwenye sanamu.

Mnapomgeuza, pandisha kitanda hadi usawa wa kiuno chako na ufunge magurudumu. Mkono wake wa mbali ulazwe kifuani, goti la mbali likunjwe, wewe ushike bega na nyonga, mhesabu pamoja hadi tatu, naye aje upande wako bila kukokotwa, kwa sababu ngozi inayoburutwa juu ya shuka huchubuka. Tazama kisogo, mabega, viwiko, makalio na visigino. Ukiona wekundu au weusi usiokuwepo, au ukihisi ngozi ina joto, usisugue, bali ripoti. Mmeambiwa kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2. Ili mwelewe kwa nini, kila mmoja wenu alale chali nusu saa juu ya makintoshi, yaani tandiko la mpira lisilopitisha maji, lililotandikwa shuka moja, asisogeze hata kidole. Kufikia dakika ya kumi na tano mgongo umelowa jasho na visigino vinawaka.

Katika kumhamisha mgonjwa kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kiti kikae upande wake wenye nguvu, breki zifungwe, naye aketi ukingoni mwa kitanda kwa muda na aulizwe kama anasikia kizunguzungu. Asikushike shingoni, nawe usimvute kwa mkono uliopooza.

Kulishana hudharauliwa, na mimi naona ni zoezi linalofunua mengi. Mgonjwa aketi wima, mikono yake ikae chini ya shuka, na alishwe sahani ya ugali na samaki kwa kijiko. Utashangaa jinsi kijiko kinavyorudi kabla hujameza. Muuguzi aketi badala ya kusimama, aulize aanze na nini, aondoe miiba yote kwa vidole vilivyonawa, asubiri mmezo wa kwanza ndipo apeleke wa pili, na amwache mgonjwa ameketi wima nusu saa baada ya chakula ili kisimpalie.

Anayecheza mgonjwa apewe hali mahususi na aishike hadi mwisho: bibi wa Bondo aliyepooza upande wa kulia na asiyesikia vizuri, au fundi wa Nakuru aliyevunjika nyonga na mwenye hasira. Asiinue kiuno kukusaidia kama bibi huyo hangeweza kukiinua. Muuguzi naye amwite kwa heshima yake: mama, mzee, au kwa bibi aliyezeeka, dani akiwa Mluo, kukhu akiwa Mluhya, shosho akiwa Mkikuyu, na asimwite kamwe kitanda namba nne. Kila tendo litanguliwe na sentensi moja, kwa mfano, "Dani, sasa nitakugeuza upande wa dirisha, nimekushika."

Zoezi likiisha, mgonjwa ndiye azungumze kwanza. Aseme ni wapi alisikia baridi, ni wapi aliogopa kuanguka, na ni wakati gani alijua kwamba muuguzi amemsahau. Mtazamaji afuate na orodha yake, muuguzi awe wa mwisho, na asijitetee, ila aandike kwenye daftari lake la taratibu jambo moja atakalolirekebisha. Halafu mbadilishane nafasi papo hapo, kabla maneno hayajapoa. Zamu zote tatu zikitimia, futeni stethoskopu na mkanda wa presha kwa spiriti, mimineni maji, fueni vitambaa na kuvianika mapema, kwa maana mvua ya hapa ziwani hupenda kuja jioni.