Somo: Modeli ya matabaka ya ayoni za metali juu ya Nairobi

Swali la kwa nini tabaka halijitokezi katika modeli ya kompyuta, au linajitokeza mahali pasipofaa, limeulizwa mara nyingi mno. Majibu yangu yote nimeyaweka hapa. Msingi ni nadharia ya mpishano wa upepo (yaani upepo unaobadilika kadiri kimo kinavyobadilika) aliyoieleza mwanafizikia Whitehead mwaka 1961: upepo huzisukuma ayoni zinazotokana na vimondo vinavyoungua angani, uga wa sumaku wa dunia huzipandisha au kuzishusha, nazo hukusanyika katika tabaka lenye unene wa kilomita chache tu.

Hatua ya 1. Weka gridi ya wima kutoka kilomita 80 hadi 150.

Hatua ya 2. Tumia modeli tatu zilizo tayari: chukua hewa kutoka NRLMSISE-00, upepo kutoka HWM14 na uga wa sumaku kutoka IGRF.

Hatua ya 3. Anza na ayoni za chuma peke yake. Atomu ya metali iliyopoteza elektroni haiipati nyingine kwa urahisi, ndiyo maana huishi muda mrefu kuliko ayoni za molekuli kama NO⁺.

Hatua ya 4. Kokotoa kasi ya wima:

w = (r·U·cos I − V·sin I·cos I) / (1 + r²)

w ni kasi ya kwenda juu, U ni upepo unaoelekea mashariki, V unaoelekea kaskazini, I ni pembe ya mwinamo wa uga wa sumaku kutoka mlalo, na r ni masafa ya migongano ya ayoni na hewa yakigawanywa kwa masafa ya ayoni kuuzunguka uga wa sumaku. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pembe I huwa hasi kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako uga ni mlalo), na Nairobi iko huko, ikiwa na karibu nyuzi −25. Ukiiandika chanya, kipengele cha U hakibadiliki hata kidogo, kwa hiyo chini ya kilomita 120, ambako r ni kubwa, matokeo yataonekana sahihi kabisa. Juu zaidi, ambako V ndiyo inayotawala, ayoni zitakimbia pale zilipopaswa kukusanyika. Usiridhike na mchoro wa kilomita 100. Jaribu V peke yake, U ikiwa sifuri: upepo wa kuelekea kaskazini lazima uzipandishe ayoni zilizo juu ya Nairobi.

Hatua ya 5. Punguza nafasi za gridi hadi mita 100 au chini yake. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde na nafasi ya kilomita 1, mbinu ya ukokotoaji ya daraja la kwanza huongeza mtawanyiko bandia unaokaribia mita mraba 2,500 kwa sekunde, na tabaka jembamba haliwezi kubaki jembamba humo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, tabaka halionekani. Naomba programu nzima.

Jibu: Nafasi ya gridi yako ni mita ngapi? Soma hatua ya 5, kisha urudi na namba.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Huko I ikiwa sifuri, kipengele cha U bado kipo. Mbona basi nadharia husemekana kushindwa?

Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo la msingi. Uga ukiwa mlalo, elektroni hushikwa na haziwezi kuzifuata ayoni juu au chini. Chaji zikianza kutengana, uga wa umeme huzaliwa na kuzizuia ayoni. Mlinganyo wetu umeuacha nje uga huo, kwa hiyo ukaribiapo ikweta ya sumaku ni lazima uuongeze.

Swali: Tabaka langu linashuka vizuri, ila saa hazilingani na vipimo.

Jibu: Umeingiza saa za Nairobi au UTC?

Swali: Za Nairobi.

Jibu: HWM14 hutaka UTC. Tofauti ya saa 3 ni robo nzima ya wimbi la upepo linalojirudia kila saa 12, ambalo ndilo hasa huliteremsha tabaka.

Mchango: Kwa vipimo vya kulinganisha, setilaiti za COSMIC-2, zilizorushwa mwaka 2019, hupima ukanda wetu wa tropiki kwa wingi.

Jibu: Asante sana. Linganisheni kimo na saa kwanza. Wingi wa ayoni uje baadaye, kwa kuwa hutegemea mno kiasi cha vimondo ulichokisia.