Amplifaya ya Bei Chee na ya Bei Mbaya: Zipambanishe kwa Masikio

Dukani ukiwashiwa ya bei mbaya kwa sauti iliyopanda kidogo tu, utaondoka ukiapa kuwa ndiyo tamu. Sikio lina tabia hiyo. Tofauti ya sauti ikiwa ndogo, husemi kwamba imepanda. Unasema besi imejaa, sauti imetakata. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuifuta tofauti hiyo kabla hujasikiliza chochote.

Tafuta amplifaya mbili, jozi moja ya spika, simu moja ya kuchezea muziki, multimita (mita ya kupimia umeme) na mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Zima vikorombwezo

Besi na trebo ziwe katikati. Ekwalaiza ya simu izimwe.

Hatua ya 2: Sawazisha sauti kwa mita

Usitegemee sikio, wala namba zilizoandikwa kwenye kishungi, kile cha kuzungusha kupandisha sauti. Pakua mlio mmoja wa hezi 100. Mita za kawaida husoma vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, ambayo ni hezi 50, na nyingi hukosea masafa yakipanda. Spika zikiwa zimeunganishwa, cheza mlio huo kwa sauti ya chini, mita iwe kwenye volti za AC, uguse nyaya za spika ya kushoto. Amplifaya ya kwanza ikisoma 1.00, ya pili nayo iwe 1.00, au 1.01 ikizidi sana. Hiyo ni tofauti ya takribani desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Zile mita ndogo za njano zinazouzwa kila kona hazitakufaa: upande wa AC nyingi huanzia volti 200 na husoma desimali moja tu. Azima ya fundi yenye skeli ndogo.

Pima na spika ya kulia. Kishungi cha bei chee mara nyingi hakilingani pande mbili, hasa kikiwa chini, na hapo ya bei mbaya inashinda kihalali. Ukimaliza, bandika tepu kwenye vishungi, mtu asiviguse.

Hatua ya 3: Andaa namna ya kuhamisha

Kamwe amplifaya mbili zisikutane kwenye spika moja kwa wakati mmoja, utaunguza. Tumia swichi inayoachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine, na inayokata nyaya zote mbili za kila spika, siyo chanya peke yake. Amplifaya nyingi ndogo za daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), waya hasi wa spika haujaungwa na chasisi, yaani bodi ya chuma, kwa hiyo ukiunganisha hasi za amplifaya mbili unatafuta moshi. Kuchomoa na kuchomeka kwa mkono kunawezekana, ila kumbukumbu ya sauti hufifia ndani ya sekunde chache, na wewe bado unahangaika na nyaya.

Hatua ya 4: Sikiliza bila kujua

Mwenzako akae nyuma ya pazia, arushe sarafu, ahamishe, aandike. Usimwone usoni, uso una mdomo wake. Chagua kipande cha sekunde 15 unachokijua. Mimi hupenda taarabu, pale ganuni inapodonolewa peke yake: sikiliza ncha ya kila mdonoo na uzi unavyofifia, kisha fidla zikiingia zote, angalia kama ganuni bado unaiona au imemezwa. Taja tu: amplifaya ya kwanza au ya pili.

Rudia mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu unasikia. Anayebahatisha hufika hapo chini ya mara 4 kati ya 100. Ukipatia 8 au 9, sarafu nayo ingepatia hivyohivyo. Kwa amplifaya mbili nzima zisizolazimishwa kupita nguvu zake, usishangae ukiangukia hapo.

Hatua ya 5: Hamia kwenye spika

Ukilinganisha jozi mbili za spika, tofauti husikika waziwazi, lakini kila jozi isimame mahali palepale, kwani spika ikisogea kwenye kona besi inapanda. Volti hazitoshi tena, maana spika hazilingani kwa kelele zinazotoa. Cheza kelele ya pinki (mvumo kama wa mvua, wenye besi na trebo pamoja), upime desibeli kwa programu ya simu. Simu ikae pale unapokaa, kimo cha sikio, siyo mkononi mwa mtoto anayezunguka sebuleni.